Nilivyomshonea mwalimu wa Kibondo viatu vya ballet kwa gundi ya muhogo

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi si mwandishi. Ni fundi viatu mstaafu. Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenifungulia akaunti humu, na vidole vyangu vimezoea sindano kuliko simu, kwa hiyo mtanivumilia. Ila ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu na kukishika kwa mikono hii. Atakayekuta uongo ndani yake ruksa anitukane, sitamjibu.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi mmoja wa wiki iliyopita. Mtu aliweka klipu ya binti mweusi anacheza ballet, ile ngoma ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Komenti zikafuatana. Mmoja akaandika eti hatimaye na sisi tumeanza. Mwingine akasema miguu yetu haikuumbwa kwa mambo hayo.

Nilisoma nikapandwa na hasira mpaka chai ikapoa.

Tumeanza lini? Mimi nimepima miguu ya mwanamke wa Kiha aliyecheza ngoma hiyo Ulaya kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nimemshonea viatu vyake, hapa hapa Kasulu.

Sasa kaeni vizuri.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Kibanda changu kilikuwa pembeni ya soko la Kasulu. Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa na duka hatua chache kutoka pale, anauza kanga, chumvi na mafuta ya taa. Asili yetu ni Ujiji, na watu wa Ujiji tunavyojisikia mnatujua. Baba alitaka nikae dukani na kanzu safi. Mimi nikapenda ngozi na gundi.

Mwaka mzima alikuwa anapita kibandani kwangu anasalimia wateja, mimi hanisalimii.

Kazi yangu kubwa ilikuwa katambuga, zile ndala za matairi, kwa ajili ya wakulima. Nyingine ni kubadilisha soli za watumishi wa serikali: walimu, mabwana shamba, waganga, watu wa mikoa mingine waliopangiwa kazi kwetu na kutwa wanalalamikia baridi.

Asubuhi moja akaja mwanamke mrefu, mwembamba, shingo imenyooka. Alikuwa ametoka Kibondo kwa lori, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama visigino vimekutana, vidole vimeangalia nje, kimoja huku kimoja kule. Nikasema moyoni, huyu dada ana tatizo la nyonga.

Akafungua kitambaa chenye jozi ya viatu, akanipa kimoja.

Wakuu, nilikuwa nimeshashika viatu vya kila namna, lakini kile sikuwahi kukiona. Cha hariri, rangi ya waridi, hakina kisigino. Soli yake ni kipande chembamba cha ngozi, upana wa vidole viwili. Kule mbele kwenye ncha kilikuwa kimewahi kuwa kigumu kama ubao, sasa kimelegea na hariri imechanika.

"Fundi, unaweza kutengeneza kama hiki?"

"Naweza, Mwalimu."

Nilijibu hata sijakigeuza nikaona chini. Mafundi wenzangu mnaijua hiyo tabia. Ukitamka huwezi mbele ya mteja, kesho yake soko zima linajua.

Jina lake Mwalimu Generoza. Alikuwa anafundisha sayansi kimu na michezo kwenye shule ya wasichana Kibondo, ila kwao ni Muyama, kijiji cha wakulima wa kahawa upande wetu wa Kasulu. Baba yake alikuwa mpishi wa daktari mmoja Mbelgiji. Daktari alipokuwa anarudi kwao, akaomba aondoke na mtoto mmoja wa mpishi, awe wa kucheza na binti yake. Generoza alikuwa na miaka tisa. Mama yake hakuulizwa.

Huko Ubelgiji kila Jumamosi alimsindikiza binti wa daktari kwenye masomo ya ballet. Anambebea begi, anakaa kwenye benchi, anasubiri. Wakirudi nyumbani, yale aliyofundishwa mwenzake yeye anayafanya jikoni, ameshika ukingo wa sinki. Haukupita mwaka mwalimu wa ngoma akagundua kwamba anayejifunza hasa ni yule wa kwenye benchi, akamwingiza darasani.

Akakua. Akaajiriwa kwenye kundi la ngoma. Akacheza miaka kumi na minne.

Yote safu ya nyuma. Hata dakika moja hakuwahi kupewa acheze peke yake.

Alirudi nyumbani baada ya baba yake kufariki. Mama alikuwa bado hai pale Muyama, na hakuwahi kumwona binti yake akicheza. Alijua tu kwamba mtoto alichukuliwa mdogo, akarudi mtu mzima. Ni kazi gani iliyomweka huko miaka yote hiyo, hakuwa na picha yake kichwani.

Sasa Saba Saba ilikuwa inakuja, zimebaki wiki tano. Wasichana wa Kibondo walialikwa kuonyesha halaiki uwanjani Kasulu. Mwalimu akaomba mwishoni apewe dakika chache acheze mwenyewe, mama yake akiwa anaangalia.

"Miguu yangu imebakiza mwaka huu tu, Fundi," akaniambia. "Kifundo cha kulia kimeshaanza kunikatalia. Saba Saba hii ikinipita, mama atakufa hajui nilikuwa nafanya nini kule."

Jozi ile ilikuwa ya mwisho. Kiatu hicho hakichezeki kikilegea ncha, unavunjika mguu.

Hapo ndipo nilipoelewa nimejitia kitanzi.

Nikamwomba ruhusa nikipasue kimoja nione ndani. Akageuza uso pembeni nilipoweka kisu. Nilidhani nitakuta bati, au mbao. Hakuna. Ni matabaka ya kitambaa, gunia na karatasi, yamegandishwa pamoja mpaka yakawa jiwe. Nikanusa. Nikalamba.

Ndiyo, nililamba kiatu, chekeni tu.

Ilikuwa wanga. Gundi ya unga! Nikaanza kucheka peke yangu, maana nilikuwa nimeogopa kitu cha kiwandani, kumbe Wazungu wanatumia uji. Na Kasulu unga wa muhogo lini umewahi kuadimika?

Nikampima miguu yote miwili, nikamchongea kalibu mbili za mti, yaani ile miguu ya mbao ambayo fundi anashonea kiatu juu yake. Nikapika uji mzito wa muhogo. Nikakata marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na gunia, nikapaka tabaka saba, nikaziweka rafuni zikauke.

Asubuhi nafungua kibanda, panya wamekula ncha zote mbili. Wamesaza soli.

Nimekaa chini nimeshika tama, baba huyo anapita. Akasimama. Akaangalia masalia, akaniangalia mimi.

"Rajabu, umewapikia wageni?"

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia pale kibandani, wakuu. Nikamweleza habari yote ya Mwalimu na mama yake. Akasikiliza, mikono nyuma. Kisha akasema, "Tia shubiri. Wewe mwenyewe ulikuwa king'ang'anizi wa ziwa, mama yako akapaka shubiri, ukaacha siku hiyo hiyo. Panya hawezi kukushinda wewe."

Basi, shubiri ikaingia kwenye uji. Panya hawakurudi.

Jozi ya pili Mwalimu akaja kuijaribu Jumamosi. Akavaa, akashika ukingo wa meza yangu, akapanda. Kah! Ncha ikapasuka. Nilikuwa nimeikausha juani kwa pupa. Akanitazama, akapanda lori kurudi Kibondo, na yale macho yake yaliniumiza kuliko matusi.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Jozi ya tatu niliikausha kivulini polepole, kila tabaka siku yake, halafu juu ya jivu la moto. Nikaipiga juu ya jiwe, ikalia kama mlango. Nikajua hii imekubali.

Tatizo likabaki rangi.

Hariri ya waridi haikuwepo. Baba aliuliza maduka yote ya Kasulu, akaagiza mpaka Kigoma mjini, hola. Nilikuwa na marekani tu, na marekani kwenye mguu wake ingeonekana kama bendeji ya hospitali.

Sasa mimi nilikuwa na mazoea yangu ya kazi. Nikimshonea mtu kiatu kipya, napenda rangi ikae na mguu wake, isimkate. Hakunifundisha mtu, ni jicho tu. Nikachemsha kahawa ya Muyama, nikatia udongo mwekundu kidogo, nikachovya vipande vya marekani kimoja baada ya kingine. Mwalimu yuko Kibondo, nitalinganisha na nini? Nikazunguka sokoni nikampata mama mmoja muuza ndizi, rangi yake na Mwalimu kama wamezaliwa pamoja. Nikamwomba aweke mguu juani niuwekee vitambaa.

Mume wake alitokea nimeshika mguu wa mkewe. Hayo tuyaache.

Kitambaa cha tano kikapotea kabisa kwenye ngozi, hukioni. Hicho ndicho nilichoshonea.

Mwalimu alikuja siku mbili kabla ya Saba Saba. Viatu nimevifunga kwenye gazeti. Nilikuwa naogopa, sitaficha, maana aliagiza waridi na mimi nina kahawa.

"Mwalimu, hariri sikupata. Nimejaribu kwa kadiri ya..."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshafungua. Akaweka kiatu kimoja kando ya kifundo chake, akakitazama. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Tangu nimfahamu hakuwahi kukikalia.

Akalia.

Nikajua nimeharibu. "Usijali, Mwalimu, nitatafuta rangi, nitavipaka."

"Ukivipaka nitakuua, Fundi."

Ndipo akanieleza. Ile waridi, kumbe ni rangi ya mguu wa Mzungu. Kiatu kinafanana na ngozi ili mguu uonekane mmoja, mrefu, kuanzia nyonga mpaka ncha. Kwake yeye kiatu kilikuwa kinamkata kwenye kifundo. Miaka yote alicheza kama mtu asiye na nyayo.

Na hakuwa peke yake! Hili ndilo nililotaka mlijue humu. Kulikuwa na dada mmoja mkubwa wa visiwa vya Karibiani, kwenye kundi lingine, aliyemfundisha kuchemsha majani ya chai, kuchanganya na poda ya uso na kupaka viatu kabla ya kucheza. Kulikuwa na Mmarekani mweusi. Kulikuwa na kijana wa Kongo aliyekuwa anaruka juu mpaka watu wanapiga kelele. Walikuwa wanaandikiana barua, wanapeana mchanganyiko: chai kiasi hiki, poda kiasi hiki, kwa mweusi zaidi ongeza kahawa. Kila mmoja kwenye safu yake ya nyuma, mji wake, na sufuria yake.

Siku moja mkuu wa kundi aliviona viatu vyake vya chai. Akamwamuru avisugue mpaka waridi irudi. Kisha akampa poda nyeupe apake mikono na shingo, eti safu ifanane.

"Kwenye picha zote za kundi," akasema, "mimi ni kiwiko nyuma ya mtu."

Nikampimia tepe za kufungia.

Saba Saba ikafika. Baridi ya Kasulu mnaijua mwezi huo, lakini uwanja ulijaa. Mama yake Mwalimu aliletwa na lori la kahawa pamoja na akina mama wenzake wa Muyama, wakakaa kwenye nyasi mbele kabisa. Mwanamke mdogo, mkono mmoja umeshika kanga kifuani. Mbele yao tulikuwa tumepanga mbao juu ya mchanga, mimi mwenyewe nilizirukia kuhakikisha haziyumbi.

Kulikuwa na afisa utamaduni aliyekuwa hataki kabisa. Alisema hiyo ni kasumba ya kikoloni. Mwisho alikubali kwa sharti lake, na mtangazaji akasoma kwenye kipaza sauti: "Sasa tunamalizia na mazoezi ya viungo."

Mazoezi ya viungo, wakuu. Hata jina lake halikutajwa.

Mwalimu akatoka. Gauni la marekani amelitia rangi ile ile ya viatu, hujui kiatu kinaanzia wapi. Wasichana wake wamepiga goti nyuma. Gramafoni ya kuzungusha ikaanza kulia.

Akapanda juu ya vidole.

Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu yangu mwenyewe ndani ya viatu, naomba Mungu muhogo usinisaliti.

Halafu akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, imepinda, viganja vinakaribiana. Wazungu wana jina lao la mkao huo. Lakini mtu wa Buha, nchi yetu ya Waha, akiuona mkao huo anaona kitu kimoja tu: pembe za ng'ombe wetu wale wa pembe ndefu. Akina mama wa huku wanavyocheza ndivyo wanavyoinua mikono.

Mama yake akapiga kofi. Moja. Kisha la pili. Akina mama wa Muyama wakapokea, mmoja akaanzisha wimbo wa Kiha, na gramafoni haikusikika tena.

Mwalimu alikuja kuniambia baadaye kwamba pale aliogopa. Kule Ulaya watazamaji wanakaa kimya mpaka mwisho. Alidhani wanamzomea, karibu ashuke akimbie. Kwetu nani anaangalia ngoma amefumbata mikono? Afisa utamaduni akasimama awanyamazishe. Baba yangu, Mzee Sefu wa Ujiji, mtu wa kanzu safi, akamshika shati kwa nyuma.

"Kaa chini, Bwana Afisa. Mtu na mama yake wanaongea."

Mwalimu akasikiliza makofi. Nikaona miguu inabadilika. Akaacha ya gramafoni, akafuata ya mama yake. Anapanda kwa ncha, anashuka kwa kishindo, anazunguka, shingo ile ile, mikono ya pembe. Machozi yananitoka na sijui kwa nini. Dakika alizopewa ziliisha zamani, hakuna aliyethubutu kumkatisha.

Viatu vilivumilia. Nasema hilo kwa kujisifu na sioni haya.

Alipomaliza, mama yake akainuka akaja mpaka kwenye mbao. Akainama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba. Tulikuwa karibu, tulisikia kila neno.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "huko nani alikunyima chini?"

Mwalimu akamshika mama yake begani.

"Miaka yote umesimama kwa vidole? Shuka. Hapa chini ni kwako."

Mwalimu akakaa, akafungua tepe, akavua. Akashuka kwenye nyasi pekupeku, na wale akina mama wakamzunguka, wakacheza mpaka lori la kahawa likaanza kupiga honi.

Viatu vyangu vya wiki tano vimelala juu ya mbao peke yake. Sitawadanganya, roho iliniuma kidogo. Nikavifunga kwenye gazeti nikamtunzia.

Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Kifundo cha Mwalimu nacho kikakataa kabisa, kama alivyosema. Akabaki anawafundisha wasichana Kibondo mpaka alipostaafu, na miaka mingi imepita tangu tumzike Muyama. Barua za wenzake sijui zilikwenda wapi. Niliuliza kwa ndugu, kila mmoja ananitajia mwingine.

Siku ile alikuwepo mpiga picha. Miaka ya baadaye niliiona picha yenyewe. Kapigwa mgeni rasmi amekaa kitini, amependeza. Pembeni kabisa, ukiangalia sana, kuna kiwiko.

Kwa hiyo komenti za "tumeanza" ziliniuma kwa sababu hiyo. Nilichojifunza mimi ni kwamba watu wetu walikuwepo, ila walisimama nyuma na hakuna aliyeona haja ya kuandika. Na mimi nina kosa langu. Nimekaa na habari hii miaka yote hii nikidhani ni ya viatu tu.

Sasa naomba msaada wenu. Kama bibi yako au mama yako alisoma Kibondo miaka ile, na ukimkuta anaosha vyombo amesimama visigino vimekutana na vidole vimeangalia nje, muulize nani alimfundisha. Njoo uandike jina hapa chini. Hata moja tu.

Na wewe uliyesema miguu yetu haikuumbwa kwa hayo, karibu Kasulu, nitakupa chai. Zile kalibu mbili bado ninazo juu ya kabati. Mguu wa kushoto wa Generoza ulimzidi wa kulia kwa upana wa punje ya mchele, na nilichonga hivyo hivyo.